Kifungo na Kifungu

Kabla ya hapo nilijua kifungo tu:
kile cha shati, matundu manne, uzi mara tatu,
na kile cha gerezani, kilichomla kaka yangu miezi saba
kwa gogo la msitu ambalo hakulikata.
Kifungu sikukijua.

Nikaifunika cherehani kwa kanga,
nikashuka kutoka Dabaga, ukungu ukinifuata mgongoni.
Siku ishirini na tano katika ukumbi wa kanisa, Iringa mjini,
madirisha mawili hayafungi, chai saa nne,
sisi kumi na tisa: muuza njegere, katekista mstaafu,
mkunga, kijana wa bodaboda
aliyeandika kila kitu kwa herufi kubwa.

Mwalimu Ambokile hakuwa mtu wa kucheka.
Siku ya kwanza aliandika ubaoni: MSAIDIZI SI WAKILI.
Akapigia mstari, chaki ikakatika.
“Hutasimama mahakamani kumsemea mtu.
Hutapokea kuku, wala debe la njegere, wala ‘ya soda’.
Utasikiliza. Utaandika. Utamwonyesha njia.
Miguu ni yake.”

Nilidhani sheria ni mangurumo.
Kumbe ni vineno vidogo: isipokuwa, bila kuathiri, ndani ya siku.
Nikajifunza ardhi ya kijiji, mirathi, matunzo ya mtoto,
kumwacha mtu alie mpaka amalize,
kisha kuuliza taratibu, mashahidi ni akina nani.
Usiku nilikariri kama mtoto wa kipaimara,
nikachanganya, nikafumua, nikashona upya.

Nilipata sabini na moja.
Cheti kipo juu ya cherehani, kando ya kalenda ya mbolea.

Wa kwanza kuja alikuwa Bi Kresensia Kikoti,
na sketi ya kupunguzwa kiuno.
Nikiwa napima, akasema, kama mtu anayetaja mvua:
“Shemeji amepanda misindano shambani kwangu.
Mia nne na kumi. Nimeihesabu.
Mume wangu hajatimiza arobaini.”
Nikaiacha futi kamba imning’inie kiunoni,
nikatafuta daftari.

Barua ya kwanza ilirudi: niliandika mwaka uliopita.
Ya pili niliomba baraza la kata litoe hukumu.
Katibu alicheka, si kwa ubaya.
“Mama fundi, siku hizi shamba hatuliamui, tunapatanisha tu.
Sheria ilibadilishwa.”
Kitini changu kilikuwa cha zamani.
Nilirudi nyumbani masikio yakiwaka moto;
hakuna aliyeniambia kwamba sheria nayo
hupitwa na mtindo, kama kola.

Siku ya baraza nilikaa benchi la nyuma,
mikono chini ya mapaja.
Alfonsi alisema nusu saa: mila, ukoo, jina la marehemu.
Bi Kresensia akasimama. Akanyamaza.
Kifungu kilikuwa midomoni mwangu
kama pini nizibanazo nikipima gauni,
ukifungua mdomo, umemeza.
Sikufungua.

Akatazama mabati. Kisha:
“Ule mteremko tuliufyeka wawili,
yeye upande wa mto, mimi upande wa barabara.
Mwezi mzima. Shemeji, ulikuwa Makambako.
Nani alikutumia njegere?”

Mtu akakohoa.

Hawakupatana. Shauri limepanda wilayani,
limeahirishwa mara mbili,
na misindano inakua, haingoji tarehe.

Jana alifuata sketi yake. Akalipa elfu mbili,
akaongeza mia tano.
Nikamrudishia. Akaniangalia kana kwamba nimemtukana.
“Hiyo ni ya kifungo,” akasema. “Si umenishonea kipya?”

Nikaipokea.
Ipo hapa, kwenye kopo la pini.
Sijaitumia. Bado najiuliza
alisema kifungo, au masikio yangu.